Vile Yaya Alinona

Yaya yangu alipoanza kunona, bamama ba mulima wetu balituletea pongezi mpaka ku mulango. Yaya, kwetu, ni dada mukubwa. Mi na yeye tulilalaka ku kitanda moja, kwa hiyo mi njo niliona mbele ya bote: pole pole nilikuwa nasukumwa ku ukuta. Nikamwambia, “Yaya, ukiongeza kilo ingine, nitaanza kulala ku dirisha.”

Akacheka. Akacheka mpaka mwisho, na mi nikafurahi kupita vile munaweza kufikiri. Juu zamani hakuwezaka. Alikuwa anaanza kucheka, cheko inageuka kikohozi, kikohozi inageuka filimbi mu kifua, na mi mwenye kumuchekesha ninabaki kinywa wazi, kama muntu mwenye kuvunja sahani ya bageni.

Baba yetu alikuwa Munyarwanda mwenye kukulia Congo. Vita ya huku ilipoisha, akasema turudi kwao. Hiyo kwao aliijua kwa hadithi ya baba yake tu. Tulivuka muto ya Rusizi na godoro, sufuria mbili na mama, na mama alilia daraja yote, juu yeye ni Mushi wa Bukavu, na huku hakukuwa kwao hata kwa hadithi. Baba hakukaa sana. Malaria ikamukamata, akatuacha batatu mu nyumba ya mabati, ku mulima juu ya Kamembe, pahali gari haifikaki.

Kinyarwanda ya mama ilikuwa ya salamu na ya bei. Ya yaya ilikuwa ya kanisa. Ya kwangu ilikuwa ya kugombana, juu nilimalizia primeri huku, na batoto ba primeri njo bafundishaji ya matusi. Salamu, bei, kanisa na matusi: na hiyo tuliishi vizuri tu.

Kazi yetu ilikuwa unga ya muhogo. Muhogo mukavu ilitoka chini, Nyakabuye, inapanda na taksi mu magunia. Sisi tunapeleka ku mashini, tunachunga, tunavusha Bukavu kuuza mu soko ya Kadutu. Yaya njo alikuwa wa kuchunga. Alikaa mu kajikoni na kichujio, moshi ya kuni upande huu, vumbi ya unga upande ule, akitoka pale kope zake ziko nyeupe kama za bibi. Na kifua inapiga filimbi. Mama alikuwa anasema, “Ni vumbi tu, itapita.” Ilikuwa inapita kweli. Halafu inarudi na ndugu zake.

Sasa nieleze jambo ya jumamosi, juu bila hiyo hamutaelewa.

Mwisho wa mwezi, jumamosi, Rwanda yote inafanya umuganda. Kila nyumba inatoa muntu na jembe, munatengeneza njia, munachimba mifereji, soko imefungwa, duwane, forodha ya mupaka, imelala mpaka kazi iishe. Mama aliona ile ni siku nzima ya soko inakufa bure. Njo ijumaa mangaribi tulikuwa tunavuka, tunalala Kadutu kwa mukubwa wake, dada yake, na jumamosi asubui, wakati Kamembe banainamia majembe, sisi tunauza unga tumeinua vichwa. Haikukuwa sisi peke yetu. Karibu bamama bote benye kutoka Congo, bale ba kusema Kiswahili ku mulima, balifanya vile. Mu soko ya Kadutu tulikuwa tunapigiana makofi: “Na wewe umekimbia jembe?” “Mi? Jembe njo imenikimbia!” Tulijiona benye akili.

Kumbe umuganda iko na mukia. Kazi ikiisha, bantu banakaa chini ku majani, na pale njo mambo yote inasemwa: chanjo, vyandarua, mashule. Dispanseri ya kwetu ilikuwa imeanza programu ya asima, ile bengine banaitaka pumu. Balichagua mama moja ku kila mulima, balimufundisha, na wetu alikuwa mulimaji wa maharagwe, mwembamba, na sauti kubwa kuliko mwili. Tulimwita Maman Afya. Kila mwisho wa mwezi alisimama pale ku majani na kueleza: filimbi ya kifua haiko uchawi, moshi ya jikoni ni mubaya, vumbi ni mubaya, dawa ya pompe, ile ya kuvuta na kinywa, iko ku dispanseri, mulete mutoto mapema. Alieleza vizuri sana, bantu banasema. Sisi hatujui. Tulikuwa Kadutu.

Jumamosi mangaribi alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kufuata bale benye hakuona. Kwetu alikuta kufuli. Alirudi tena mwezi ingine, kufuli. Ile kufuli yetu ingekuwa na kifua, haingekufa na asima hata siku moja, juu njo ilifundishwa kuliko sisi bote.

Siku moja ya katikati ya juma akatukuta. Yaya alikuwa mu kajikoni, anakohoa. Maman Afya akasimama ku mulango, akauliza na Kinyarwanda, pole pole, “Huyu mutoto, kifua yake ni ya tangu wakati gani?”

Mama akaniangalia. Nikamupatia kwa Kiswahili.

“Mwambie ni vumbi,” mama akasema. “Mwambie asante. Mwambie Mungu amubariki.”

“Mama, ameuliza tangu wakati gani.”

“Na mi nimejibu Mungu amubariki.”

Nikatafsiri baraka. Maman Afya akachukua baraka yake, akaenda.

Mama hakukuwa mubaya. Aliogopa pompe. Kule Bukavu, muzee moja, mume wa mukubwa wake, alisumbuliwaka na pumuzi, na siku balimupatia pompe ku hospitali, njo siku alikufa. Toka pale, kwetu pompe ilikuwa kama padiri wa mwisho: ukiona imeingia mu nyumba, anza kutafuta mbao. Na kulikuwa jambo ingine. Kulikuwa kijana wa Nyakabuye, ule mwenye kutuletea muhogo. Alikuwa anashusha magunia kwetu na macho yake iko mu kajikoni. Mama alikuwa ameona. Binti wa kuchumbiwa hasikiwi na filimbi mu kifua.

Njo mama akatafuta dawa yake mwenyewe. Kadutu, nyuma ya soko, kulikuwa muzee mwenye kuuza dawa ku meza, chini ya parasoli. Hakuuliza jina, hakuuliza miaka. Ulisema ugonjwa, anafungua kopo, anakufungia vidonge mu karatasi ya daftari ya shule. Mama akamwambia pumuzi. Akatoa vidonge vidogo vyeupe. “Hii, Maman, utaniletea kuku ya asante.”

Na kweli, ilitaka kuku. Filimbi ikanyamaza. Yaya akalala chali, kitu alikuwa amesahau. Akaanza kula. Anakula ya kwake, anamaliza ya kwangu, anauliza kama ya mama imebakia. Halafu mashavu ikaja. Ikaja mbili kwa mara moja, mviringo, inang’aa, mpaka macho ikabakia kama yanachungulia juu ya ukuta. Shingo ikajaa. Alipokuwa anapita ku njia na beseni, bamama banasimama.

“Eee! Huyu ni nani? Ni ule ule mwembamba?”

“Muke wa gavana huyu!”

“Maman, unamupatia nini? Tuambie siri.”

“Samaki,” mama anajibu, na kitenge anaifunga upya kwa kiburi. “Samaki na Mungu.”

Munapaswa kujua: kwetu, benye tulipita mu vita mbili, muntu mwenye kunona ni muntu mwenye amani. Bwembamba tuliijua. Tuliiona ku njia, imelala. Njo mutoto akiwa na mashavu, haiko mashavu tu, ni kama nyumba yote imejibu: hapa njaa imeshindwa. Hakuna hata moja mwenye kufikiri kusema, simama kwanza, hii mwili imevimba juu ya nini.

Bantu ba Nyakabuye bakapanda. Balikuja na nguo za kanisa, mashati imepigwa pasi mpaka inakata. Shangazi ya kijana akamushika yaya shavu, akaifinya kama muntu mwenye kupima parachichi ku soko.

“Huyu bamemulisha,” akasema.

“Na bado,” nikajibu, “hamujaona vile analala. Mutaleta kitanda ya mabomba.”

Bote bakacheka. Yaya akanipiga na kitambaa. Balikubaliana mahari mu sauti ya chini, bakakunywa, bakaimba, bakashuka. Ile siku mama alikaa inje mpaka giza, anaangalia taa za Bukavu upande ule wa maji. Nafikiri alikuwa anasema na baba.

Mi niliona mambo ingine pia, juu ya ile kitanda moja. Mwili ya yaya ilikuwa inashika alama: umugonge kidogo, inabakia bluu juma nzima. Mapaja ilikuwa minene lakini hayakuwa na nguvu. Akipanda kwetu alikuwa anashika majani ya pembeni kama muzee. Usingizi ikamukimbia. Lakini alikuwa anapumua! Nani alikuwa wa kulalamika? Yeye mwenyewe alikuwa anasema, “Niache. Kama hii ni ugonjwa, ninaitaka yote.”

Halafu vita ikarudi Bukavu.

Tuliisikia juu ya maji, kwanza kama bantu banaburuta mabenchi mu kanisa, halafu hakuna mwenye kujidanganya tena. Duwane ikafungwa. Bantu ba kule bakabakia kule, ba huku huku. Hatukujua kama mukubwa wa mama bado iko. Unga yetu ikakaa mu magunia. Na karatasi ya vidonge, yaya akaifungua ku meza, akaangalia. Akaanza kukata kidonge katikati na kisu. Halafu ile katikati tena katikati. Halafu akaramba karatasi.

Mama akamwambia, “Ya nini kusumbuka? Angalia vile uko. Muntu mwenye kunona hivi anatafutia dawa nini tena?”

Na sisi bote batatu tukaona ni kweli. Mashavu ilikuwa pale.

Mashavu ilibakia pale, muntu mwenyewe njo akaanza kwenda. Alikuwa anatapika asubui. Bajirani, benye mawazo yao, bakaanza kuhesabu miezi na kuangalia kijana wa Nyakabuye kwa jicho moja. Hakuweza kusimama mbele ya kichujio. Halafu, siku moja tunachambua maharagwe, nikaisikia: filimbi. Kidogo, mbali, kama ya polisi wa mutaa ingine. Tuliangaliana.

Mama akachemsha majani ya kaliptusi, akamufunika na blanketi juu ya sufuria. Yaya akatoka pale analia, uso ya maji, anatikisa kichwa. “Mama, imefunga zaidi. Mama, imefunga.” Mama akaongeza majani.

Ikafika jumamosi ya umuganda, na sisi tuko nyumbani, juu daraja imefungwa. Kwa mara ya kwanza nyumba yetu ikatoa muntu. Muntu ule alikuwa mi.

Baliponiona ku njia na jembe, kelele ikaanza.

“Congo imekuja na jembe!”

“Mupishe, mupishe, muhandisi anafika!”

“Jembe yenyewe iko mupya. Umeiazima ku duka?”

“Ni ya mahari,” nikajibu. “Muangalie bila kugusa.”

Bakacheka, bakanipatia pahali pa mawe, pahali pa bageni. Nilikuwa nimeanza kuchimba, jua haijapanda sana, ninaona mama anashuka ku kilima anakimbia. Bila kitambaa ku kichwa. Mama yangu, mwenye hatokaki hata kutupa majivu bila kitambaa. Alikuwa anapiga kelele kwa Kimashi, luga ya kwao. Balisimama na majembe juu, hakuna mwenye kuelewa neno, na bote balielewa.

Nikapiga kelele kwa Kinyarwanda: “Ni dada yangu! Hapumui!”

Sasa, ku milima ya kwetu mugonjwa anabebwa mu ngobyi. Ni kitanda ya kusukwa, iko na miti mbili, banaume bane banaiweka ku mabega, na bengine banafuata kubadilishana. Ni ya chama. Kila nyumba iko mu chama, inatoa bega yake jirani akigonjwa, na siku yako mabega inakuja kwako. Nyumba yetu haikukuwa mu chama. Hatukukuwa na mwanaume, na siku ya kupanga mambo ya chama ni ile ile, ku majani, umuganda ikiisha.

Kijana moja akasema, si kwa ubaya, alisema tu vile inakuwaka: “Lakini hawa hawako mu ngobyi yetu.”

Mukubwa wa chama alikuwa muzee mufupi, shingo ndani ya mabega kwa sababu ya miaka ya kubeba. Akatupa jembe chini. “Tubebe kwanza. Tutagombana tukirudi.”

Yaya alikuwa ameketi ku sakafu, mikono ku magoti, mabega inapanda na kushuka, midomo imekuwa rangi ya majivu. Balimuweka mu ngobyi. Banaume bane bakasimama, miti ikalia.

“Yezu wangu,” ule wa mbele akasema. “Munalishaka nini huku?”

“Samaki,” mwenzake akajibu.

Mi nilikuwa natembea pembeni, mukono yangu ku ukingo wa ngobyi. Maman Afya alikuwa mbele anakimbia kufungulisha dispanseri. Yaya akanigeuzia macho. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, juu hiyo njo kazi yangu ku dunia, na ningesema kitu juu ya bibi harusi mwenye kubebwa na banaume bane. Akaona inakuja. Akainua kidole.

“Usinichekeshe,” akasema.

Ilimuchukua pumuzi mingi kusema vile. Njo ya mwisho aliniambia.

Ku dispanseri, muganga, mwanamuke kijana wa miwani, akachukua pompe, akaichomeka ku chupa ya plastiki yenye kukatwa chini, akaiweka ku uso ya yaya, akabonyeza. Akauliza juu ya bega, haraka, “Anakunywaka dawa gani?” Nikatafsiri.

Banaume ba ngobyi balikuwa ku mulango, jasho inashuka. Moja wao alikuwa ndugu ya kijana wa Nyakabuye, mwenye kuolea huku. Mama akamuona. Nilimuona anamuona.

“Hakuna,” mama akasema. “Hakunywaka kitu.”

Na mi nikageuka kwa muganga, nikasema kwa Kinyarwanda, “Vidonge vyeupe vya Kadutu. Tangu mvua ile ingine. Vimeisha, daraja imefungwa. Amenona na hiyo.”

Muganga akasimama. Akaangalia mashavu ya yaya, sijui niseme vipi, kama muntu mwenye kusoma barua ile sisi tulikuwa tumetundika ku ukuta kama picha. Akaita sindano. Akaita bantu batafute gari ya hospitali. Balifanya yote, na mi niliona balifanya. Filimbi ilipungua, na mama akasema, “Asante Yezu, inanyamaza.” Lakini kifua ikinyamaza vile, haiko kupona. Gari ilipofika ku barabara, haikukuwa na wa kubeba.

Tulirudi na ngobyi ile ile, banaume bale bale. Balipanda bila kubadilishana mara mingi. Hakuna mwenye kugombana.

Kijana wa Nyakabuye alikuja kuchimba kaburi. Alichimba karibu peke yake, alikatala kuachia mwengine jembe. Shangazi yake alikaa karibu na mama, akamushika mukono, halafu akasema mu sikio yake, nikasikia, “Kwa nini hamukutuambia?” Mama akajibu, “Mungechukua mwembamba?” Shangazi akaendelea kushika ule mukono. Ni muntu mwema.

Siku za kilio zilipoisha, Maman Afya na ule muganga wa miwani bakapanda kwetu. Mama alikuwa ndani, amegeuzia uso ku ukuta. Balikaa na mi inje. Muganga alisema balikuwa bameanza kuona jambo: bale benye kuletwa na asima wakati maji imeshafika shingoni ni ba Kiswahili. Ba daraja. Ba kufuli. Mulima ni moja, moshi ni moja, dawa ni moja, lakini benye kulia ni ba upande moja.

“Tunaeleza kila mwezi,” Maman Afya akasema.

“Munaeleza pahali hatuko,” nikajibu. “Na mu luga yenye hatumo.”

“Ninyi muko wapi?”

“Ku musururu. Asubui, mbele ya daraja kufunguliwa. Ukitaka Congo yote ikae kimya bila kwenda popote, njoo pale.”

Ilikuwa jibu ya hasira tu. Lakini daraja ilipofunguliwa tena, balikuja. Balileta meza, chupa za plastiki, pompe, na balinitafuta mi nitafsiri. Nikawaambia niko na primeri tu. Muganga akasema, “Primeri na mudomo.” Mudomo nilikuwa nayo.

Njo nikawa wa daraja. Bamama banakaa na mabeseni, bananisikia sauti, mi naanza: “Bamama, mwenye mume wake anapiga filimbi usiku na haiko ya kuita mwanamuke ingine, alete hapa!” Banacheka, na wakicheka njo masikio imefunguka. Nilisema pompe haiko padiri. Nilisema ule muzee wa familia yetu alipewa pompe siku ya mwisho juu alifika siku ya mwisho. Nilisema chungeni unga inje, upepo ubebe vumbi. Halafu muganga anaeleza vidonge vyeupe, na pale kila mara unaona mikono inaenda ku mafundo ya kitenge. Banaifungua, karatasi za daftari zinatoka. Mingi. Muganga anasema: musitupe, musiache leo, mukiacha mara moja ni hatari, mukuje nayo ku dispanseri, tutashusha pole pole na kuwapatia ingine. Natafsiri. Mutoto moja wa Rwimbogo, bibi yake anamuleta mu mugongo, leo anakimbia ku daraja mpaka maaskari bamukemee. Nikimuona ninafurahi. Halafu ninatafuta pahali pa kukaa.

Mama alirudi ku kazi. Bantu banakula. Alikuwa anapita pale kila asubui na beseni, anapita upande ule wa mbali, uso inaangalia maji, kama hatujuani. Ku nyumba hatukuongea ile mambo. Sikumusukuma.

Asubui moja musururu ilikuwa murefu, mvua imenyesha, muganga anaeleza juu ya vidonge. Nikaona mama ametoka mu musururu. Akaja mpaka mbele. Akaweka beseni chini. Bamama bengine balimujua, bakamupisha.

“Mwambie muganga,” akaniambia kwa Kiswahili, kama naye ni muntu wa musururu tu na mi ni mutafsiri tu, “mwambie niko na swali. Kama mutoto alikuwa anakunywa hii, anapumua vizuri, halafu mama yake akasema acha, umepona. Kama ile siku mama angemuleta huku. Angeishi?”

Nikatafsiri.

Muganga alimutambua. Akatoa miwani, akaifuta, akairudisha. Angeweza kusema Mungu njo anajua. Bantu mingi balikuwa bameshatuambia vile. Aliangalia ile musururu yote, mafundo yote ya kitenge, na akajibu kwa Kinyarwanda, pole pole, na macho ku mama.

Mi nilikuwa pale katikati na jibu mu kinywa. Ninajua kugeuza maneno. Nilishageuzaka swali kuwa baraka. Ningesema kitu kidogo, kitamu, mama angechukua beseni yake na kwenda, hakuna mwenye kujua. Lakini nyuma yake kulikuwa mama moja kijana, mutoto ku mugongo, mashavu ya mutoto mviringo kama ya yaya, na mama huyo alikuwa amefungua kinywa kidogo, anangoja.

“Anasema ndiyo,” nikasema. “Anasema vidonge vile vilimusaidia pumuzi, lakini mwili ikasahau kujitengenezea nguvu yake. Ikikatwa mara moja, mwili inaanguka. Angeletwa ile siku, bangemushushia dawa pole pole, bangemupatia pompe ya kila siku. Anasema asima haiishaki, lakini muntu anazeeka nayo. Anasema ndiyo, mama. Angeweza kuishi.”

Mama akaitika na kichwa, pole pole, kama muntu mwenye kupokea bei. Akainama kuchukua beseni. Nikataka kumusaidia kuiweka ku kichwa, akakatala na bega.

“Sema tena,” akaniambia. “Kwa nguvu. Bale ba nyuma habakusikia.”